Maharage Mawili Kichwani mwa Ilyasi

Ukiishuka ile njia ya Biryogo waliyoipaka rangi chini na kuyakataza magari, ukafika kwenye baraza ya mafundi cherehani, utakuta benchi refu lenye miguu mitatu na tofali. Anayekaa upande wa tofali sharti awe mtu mzito na asiyeinuka ovyo, la sivyo wenzake wote wanajikuta chini na kahawa mapajani. Kahawa yenyewe anaiuza Mukunde, ya tangawizi, na birika lake halishuki kwenye makaa tangu asubuhi. Kama una haraka, pita zako. Pale kila jambo lina mjuzi wake, na mjuzi akikosekana anatengenezwa papo hapo.

Ijumaa hiyo, baada ya swala ya alasiri, mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Mlima Kigali na benchi lilikuwa limejaa. Kwenye tofali alikaa Gatera, muuza simu, mtu mwenye tumbo lake, aliyezaliwa na kukulia Uganda, wanamwita Kampala. Ni Mkristo, lakini kanzu ndiyo nguo yake ya heshima, kama walivyo wanaume wa kule alikokulia. Katikati alikaa Gratien, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, kwa jina la kijiwe Ambilansi. Kwa kuwa alibeba wagonjwa miaka mingi anajihesabu nusu daktari, na kuna siku nusu hiyo inazidi. Pembeni alikaa mzee Nzeyimana, mwenyeji wa Biryogo tangu enzi za babu yake, aitwaye Methali kwa sababu ana methali kwa kila jambo na hakuna hata moja iliyowahi kukaa mahali pake.

Na Ilyasi. Huyu ndiye fundi wa baraza ile, mkata nguo na mtia nakshi wa shingo za kanzu, na kijiwe kizima kinavaa mkono wake. Wanamwita Tasbihi. Jina lilianza pale dole gumba lake la kulia lilipoanza kusuguana na kidole cha shahada, taratibu, bila kukoma, kama mtu anayevuta tasbihi isiyoonekana. Watu wa msikitini wakamsifu. Masha Allah, fundi amekuwa mcha Mungu, hata akiwa sokoni yuko kwenye dhikri! Wengine wakamtolea mfano kwa watoto wao. Naye akanyamaza akapokea sifa, maana angesema nini? Kwamba hana dhikri yoyote, ni mkono tu umekataa amri? Mpaka binti yake Uwamahoro, anayeishi Nairobi, alipokuja kusalimia. Akautazama ule mkono siku nzima, jioni akalia, na wiki hiyo hiyo akampandisha baba yake basi. Huko Nairobi ndiko ugonjwa ulikopata jina, Parkinson, na ndiko kichwa cha Ilyasi kilikopigwa picha ya kwanza.

Sasa amepigwa ya pili. Amerudi juzi kutoka Nairobi, na bahasha kubwa ya kaki iko mapajani mwake. Kesho asubuhi daktari wa hapa Kigali anataka aziweke zote mbili pamoja, ya zamani na mpya, aone ugonjwa umetembea kiasi gani. Neno hilo ndilo lililomnyima Ilyasi usingizi: umetembea kiasi gani. Mkono ukimwacha, mkasi ataufanya nini? Fundi asiyekata ni mzee aliyekaa barazani tu, na Ilyasi hakuwahi kujifunza kukaa tu.

— Toa tuone, alisema Ambilansi. Bahasha haitibu mtu.

— Ni ya daktari hii.

— Na mimi ni nani? Mimi nabeba wagonjwa wakati wewe iko unajifunza kutia uzi kwenye sindano!

— Ulibeba ukaishia mlangoni, alisema Kampala. Ndani hukuingia, ssebo.

Wakacheka. Ilyasi naye akacheka kidogo, akaitoa picha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameukalia. Ndiyo desturi yake siku hizi: akikaa, mkono unakwenda chini ya paja, na tasbihi inaendelea humo humo gizani.

Ambilansi akaishika ile plastiki nyeusi kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye mwanga wa mawingu. Vichwa vitatu vikakusanyika. Kulikuwa na giza la mviringo, na ndani ya giza madoa mawili yanayong'aa.

— Mana we! alisema Kampala. Kichwa chote hiki, taa mbili tu?

— Ndivyo zinavyokuwa, alisema Ilyasi. Kwanza wanakudunga dawa kwenye mshipa. Unangoja mpaka unachoka. Ile dawa inapanda, inakwenda kukaa pale ambapo bado kuna uzima, ndipo wanapiga. Mtu mwenye afya anaonyesha maharage mawili, kila moja na mkia wake. Ugonjwa unaanza kula mkia. Mkia ukiisha, haragwe linabaki dengu.

— Dengu, alirudia Kampala.

— Dengu.

Mukunde aliyekuwa akipepea makaa alisimamisha pepeo lake.

— Basi tuhesabu, alisema Ambilansi. Huku iko haragwe. Kule... kule iko dengu.

— Wewe mzee, mimi naona dengu mbili.

— Iko dengu moja na nusu!

— Umeigeuza! alisema Kampala. Umeshika utosi chini, shingo juu!

— Ukigeuza haragwe linakuwa dengu? Sha, wewe ulisoma wapi?

Ilyasi alikuwa ameitazama picha ile usiku na mchana, dirishani na kwenye taa, na kila mara aliona kitu tofauti. Asubuhi aliona mkia. Jioni haukuwapo. Sasa wenzake watatu walikuwa wakibishania kichwa chake kama watu wanaochagua nyanya sokoni, naye alitamani kuwanyang'anya na alitamani waendelee, labda mmoja ataona mkia.

— Sikilizeni, alisema Kampala. Hiyo ni chaji. Simu ikikuonyesha mistari miwili, maana yake bado iko hewani. Na simu ya zamani inaisha chaji kwa nini? Kwa sababu ndani yake kuna mambo mengi yamefunguliwa, mwenyewe hajui. Tasbihi, wewe unawaza mno. Zima mawazo. Zima moja moja, mwanga utarudi.

— Mawazo ya mtu yanazimwaje?

— Anza na madogo.

— Upuuzi! alisema Ambilansi. Shida iko kwenye kupiga. Ukipiga picha gari linatembea, inatoka ukungu, si ndiyo? Huyu walimpiga mkono ukitetemeka. Mikia iko, ila imefutika kwa kutikisika. Warudie akiwa amelala usingizi.

— Walinifunga kichwa, alisema Ilyasi. Hakikutikisika.

— Walikufunga kichwa. Mkono walifunga?

Methali akakohoa, na mtu yeyote wa kijiwe kile anajua kikohozi hicho kina maana gani.

— Wahenga walisema, ukikaa karibu na waridi utanukia. Fundi huyu amekaa na cherehani maisha yake yote. Na cherehani kazi yake ni nini? Kutetemeka. Ule mtetemeko haupotei bure. Umeingia kidoleni, ukapanda mkono, ukavuka bega, ukafika kichwani ukazima taa.

— Mzee wangu, mimi si mtu wa cherehani, alisema Ilyasi. Wanaoshona ni wengine. Mimi nakata, nakshi na matundu ya vifungo natia kwa mkono. Unanijua tangu utoto!

— Unashinda wapi?

— Hapa barazani.

— Na baraza ni ya nani? Ya cherehani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kampala alijishika tumbo kwa kucheka mpaka benchi likayumba, wote wakapiga kelele: "Tofali! Tofali!" Lakini Methali hakuwa amemaliza. Aliinamia bahasha, akashusha sauti.

— Mimi naogopa kitu kingine. Hizi picha, ni mwanga unatoka kichwani kwa mtu, sivyo?

— Ndiyo.

— Unatoka unakwenda wapi?

Kampala akachungulia nyuma ya picha.

— Unakwenda kwenye picha, alisema Methali. Mwanga uliokuwa kichwani sasa umo kwenye plastiki. Umepigwa ya kwanza, umepungua. Umepigwa ya pili, umepungua zaidi. Ndugu yangu Ilyasi, nakuomba kwa jina la Mungu, usipigwe ya tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni ujinga, Ilyasi aliujua kuwa ni ujinga. Mpiga picha alikuwa amemweleza vizuri na alimwelewa. Lakini hofu haina adabu, inaingia popote palipo wazi, na maneno yale yakamwingia mwilini kama maji ya baridi. Chini ya paja, tasbihi ikaongeza mwendo.

— Mnamtisha mzee wa watu, alisema Mukunde. Kunyweni kahawa yenu.

— Hatumtishi, alisema Ambilansi. Mimi nasema kitu cha maana sasa. Ukitaka kujua gari inakimbia namna gani, huwezi kutazama mara moja. Unatazama lilikuwa wapi, unatazama liko wapi. Picha hii peke yake haisemi kitu. Lete ya kwanza, tuweke moja juu ya nyingine, mambo yaishe. Iko wapi?

— Ipo nyumbani, alisema Ilyasi.

Haikuwa nyumbani.

Ilikuwa nyuma ya mgongo wake, hatua chache, imening'inia kwenye msumari wa baraza pamoja na vipande vingine vya kukatia nguo. Mafundi wa pale hawakatii kwa karatasi ya boksi. Boksi linaliwa pembe mapema, na siku ya mvua linavimba. Plastiki ya eksirei haichakai, haikunjiki, chaki inapita ukingoni mwake bila kukwama. Kwa hiyo mtu akipona, akiona haja ya picha imekwisha, huileta barazani, na fundi humshukuru. Mguu wa mtu wa Batsinda uliovunjwa na pikipiki ndio unaokatia mikono ya mashati. Kifua cha marehemu mama mkwe wa Methali kinakatia mifuko.

Na ile siku ya kwanza daktari wa Nairobi alikuwa amesema: kwa sasa hatuna la kusema sana, tutalinganisha baadaye. Ilyasi alisikia "hatuna la kusema". Hilo "baadaye" lilimpita. Aliporudi Kigali na plastiki kubwa, safi, nzito, mkono ukaenda wenyewe kwenye mkasi. Akakata kipande cha kukatia shingo ya kanzu ambacho mafundi wote wa baraza walikionea wivu. Tundu la shingo likaangukia katikati kabisa, pale pale maharage yalipokuwa.

CD waliyompa pamoja na picha, mkewe aliitundika juu ya mtama wake kufukuza ndege, jua na mvua vikaila mpaka ikawa kama ganda la kitunguu. Na ile kliniki ya Nairobi iliyopiga picha hiyo ilishafunga milango. Uwamahoro alikwenda mwenyewe akakuta duka la mapazia. Usiku wa jana alipiga simu: "Baba, usisahau ile ya zamani. Bila ile daktari hawezi kujua lolote." Naye Ilyasi akajibu, "Ipo, mwanangu, ipo."

— Nyumbani kwako si pale tu? alisema Kampala. Nenda ulete. Au nimtume mtu?

— Imefungiwa kabatini. Mama watoto ametoka na ufunguo.

— Mpigie simu.

— Hana chaji.

— Mimi nauza chaja!

— Nimesema kesho! Ilyasi alipaza sauti, na haikuwa kawaida yake kupaza sauti. Mnataka nini na kichwa changu?

Mukunde, aliyekuwa ameketi akiitazama baraza kama aketivyo kila siku, akaweka kikombe chini polepole.

— Muzee Ilyasi, alisema. Si ile pale?

— Ipi?

— Ile ya kukatia shingo. Siku unaikata mimi nilikuwa hapa hapa. Nilikuuliza hiki kichwa cha nani, ukaniambia cha mtu.

Hakuna aliyengoja. Ambilansi alinyanyuka kwanza, akaenda kwenye msumari, akarudi na kile kipande. Pembeni, karibu na ukingo, herufi nyeupe bado zilionekana: jina la Ilyasi, limekatwa nusu. Akakiweka juu ya picha mpya, akaviinua vyote viwili kwenye mwanga. Picha mpya ilionekana vizuri sana, kupitia tundu.

— Yewe, alisema Ambilansi taratibu. Maharage iko wapi?

— Yalifagiliwa, alisema Ilyasi.

Kampala alijishika shingo.

— Ngoja. Ina maana hii kanzu yangu, shingo yake imekatwa kwa kichwa chako?

— Zote tangu wakati ule. Zenu, za maharusi, za watu wa msikitini.

— Kikulacho ki nguoni mwako! alisema Methali, na wote wakamwambia kwa pamoja anyamaze.

Kisha kicheko kikawapata, kile kibaya kisichozuilika. Kampala alicheka mpaka machozi. Ambilansi alimchungulia Mukunde kupitia tundu la shingo, akasema, "Naona kahawa inachemka," wakacheka tena. Ilyasi alijaribu kucheka nao. Mdomo ulifunguka, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko.

— Msicheke, alisema. Naogopa! Kesho nitamwambia nini yule daktari? Kwamba kichwa changu nimekifanya shingo za kanzu? Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu. Kama ugonjwa unakwenda polepole, nibaki na mkasi wangu. Kama unakwenda mbio, niambiwe, nijipange. Sasa sitajua. Nimekikata mwenyewe kwa mkono huu!

Akautoa mkono chini ya paja, akawaonyesha. Vidole viliendelea na kazi yao. Hakuna aliyeutazama muda mrefu.

— Tuyachore maharage, alisema Kampala, safari hii kwa upole. Kwa chaki nyeupe.

— Umdanganye daktari halafu akupe dawa ya uongo? alisema Ambilansi.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Methali, naye alikusudia kumfariji. Ilyasi ambaye wiki ile ile alijikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, kwa sababu miguu nayo imeanza kuburuta, alitazama chini.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja kijana, mgeni wa njia ile, na mfuko wa nguo begani.

— Asalaam aleikum. Naulizia fundi Ilyasi.

— Waaleikum salaam. Ndiye mimi, mwanangu.

— Mimi naitwa Raihana, natoka Gatsata. Umewashonea kaka zangu kanzu za harusi. Yule mkubwa alioa mwaka juzi, na huyu anayemfuata anaoa Jumapili ijayo. Mama amenituma nazo zote mbili.

Akazitoa, akazitandaza juu ya meza ya kukatia, shingo kwa shingo. Kitambaa kile kile, uzi ule ule wa rangi ya dhahabu.

— Mama anauliza tu, alisema Raihana. Hizi zimeshonwa na mtu mmoja?

Ilyasi akainama. Nakshi ya kanzu ya kaka mkubwa ilizunguka shingo yote kwa mishono mipana, iliyolingana, imejipanga kama punje za mchele. Ya pili ilianza vizuri begani. Halafu ikapungua. Mshono ukawa mdogo, unaofuata ukawa mdogo zaidi, kadiri ulivyoteremka kuelekea kifuani ndivyo ulivyojikusanya, mpaka chini kabisa, kwenye kifungo, uzi ulikuwa umebanana kama sisimizi kwenye tone la asali. Na yeye aliitia nakshi hiyo kwa macho yake mawili yakitazama! Alikuwa amejiambia kwamba mkono unazidi kuwa laini, kwamba mshono mdogo ndio mshono safi.

Aliinua uso atafute mtu wa kumwambia kwamba si kweli. Akawaona wenzake. Kampala alikuwa amefunika shingo yake kwa kiganja. Ambilansi, aliyevaa shati, ameishika kola na vifungo vyake pamoja, kana kwamba kuna baridi.

— Kampala. Toa mkono.

— Muzee...

— Toa mkono, nimesema.

Kampala akautoa. Ilyasi anaujua uzi wake, na ule haukuwa uzi wake. Nusu ya nakshi ilikuwa imerudiwa na mtu mwingine.

— Ilikuwa inafumuka, alisema Kampala akitazama chini. Nikampa fundi mmoja kule Nyamirambo. Sikutaka uone.

— Na wewe?

— Matundu ya vifungo, alisema Ambilansi. Uliyafanya madogo, kifungo kinakataa kuingia. Mke wangu aliyapanua kwa wembe. Kidogo tu.

— Kwa hiyo mlijua.

— Tulijua.

— Tangu lini?

Kila mtu alitazama ndani ya kikombe chake.

— Na mkanyamaza! Mnakaa na mimi kila siku ya Mungu, mnanywa, mnacheka, mnaniita Tasbihi, mnanyamaza!

— Tungesema nini? alisema Ambilansi, na sauti yake haikuwa ya daktari hata robo. Wewe mwenyewe unakalia mkono. Tukaona mzee hataki. Basi tukavaa.

Basi tukavaa. Ilyasi alisimama pale na hasira ikimchemka, kisha akaona haina pa kwenda.

— Vueni.

— Hapa njiani? alisema Kampala.

— Vueni, nimesema! Na muinuke wote kwa pamoja, benchi lisianguke.

Wakavua. Kampala alibaki na fulana iliyomfika nusu ya tumbo, na wasichana waliokuwa wakipita wakafunika midomo. Methali alihangaika na kanzu yake mpaka Mukunde akaenda kumsaidia. Ilyasi akafuta benchi kwa kiganja, akaanza kuzipanga kuanzia upande wa tofali.

— Yako ya lini, mzee Nzeyimana?

— Idi kubwa, mwaka juzi. Ulikuwa ndiyo kwanza umerudi Nairobi mara ya kwanza.

— Itatangulia. Halafu ya kaka yako mkubwa, Raihana, lete. Shati la Gratien?

— Komunyo ya mjukuu wangu. Mwaka jana, kiangazi.

— Kampala?

— Nilipomwoza binti. Mwezi wa kumi na mbili.

Ya mwisho Raihana aliiweka mwenyewe bila kuambiwa. Shingo tano zikalala juu ya ubao zikitazama juu. Ilyasi akatembea kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, miguu ikiburuta, akirudi, akienda tena, kidole cha kushoto kikigusa mishono. Kutoka ya Methali mpaka ya kaka mkubwa, hakuna tofauti. Kutoka hapo mpaka matundu ya Ambilansi, kidogo, mtu asiye fundi asingeona. Kutoka kwa Ambilansi mpaka ile nusu ya Kampala iliyobaki, mtoto angeona. Na kutoka kwa Kampala mpaka ile ya mwisho, hakurudia kutazama.

— Nitampelekea daktari hizi, alisema.

— Atacheka, alisema Ambilansi.

— Acheke. Alitaka ya zamani na mpya. Ni hizi.

Methali alifungua mdomo, wakamngojea, akaufunga. Upepo wa mvua ulianza kusogeza mikono ya kanzu, na Kampala, fulana yake juu, aliishikilia ya mwisho isipeperuke.

Raihana alikuwa bado amesimama. Hakuwa ameelewa yote, lakini alielewa kwamba mzee yule ana shida na kwamba nguo zile zinamfaa.

— Za kaka zangu chukua mpaka kesho, alisema. Mama nitamweleza. Ila fundi, amenituma neno lingine, nisije nikasahau. Bado kuna yule mdogo wetu wa mwisho. Ameshaposa, na harusi ni baada ya Ramadhani ijayo. Kitambaa tukuletee wewe?

Ilyasi alitazama benchi. Baada ya kanzu ya mwisho ubao ulikuwa umebaki mtupu kidogo, nafasi ya kutosha nguo moja, ile ambayo bado haijakatwa. Akamtazama Ambilansi, Ambilansi akamtazama Kampala, Kampala akaitazama mvua inayokuja.

— Mzee? alisema Raihana. Nimwambie mama nini?

Mukunde aliliinua birika amjazie Ilyasi kikombe. Yalitoka matone mawili.

— Kahawa imekwisha, alisema, akaanza kumwagia makaa maji.